Shati la Mistari

Sikuzani alitundika nguo sita, akaanua saba.

Hakushtuka papo hapo. Mwanamke anayefulia nyumba nzima hana nafasi ya kuogopa nguo. Alidhani mumewe, Simoni, ametupia ya kwake juu ya kamba bila kusema, kama ilivyo desturi ya wanaume wanaoamini kwamba nguo hufuliwa na malaika. Ilikuwa saa saba mchana, Septemba ya mwaka 1977, jua limesimama utosini, na kijiji kizima cha Juhudi, kile kijiji kipya kati ya Tindiga na Kilangali, kimejibanza vivulini. Akaivuta ile nguo ya saba kutoka kwenye kamba ya katani. Lilikuwa shati la kiume, la mistari myeusi na myeupe iliyosimama wima, na kifungo chake cha juu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Nguo sita zilikuwa zimekauka kau. Shati lilikuwa bado linachuruzika maji, wala halikunuka sabuni. Lilinuka mpunga unaoungua.

Vidole vyake vikaliachia. Shati hilo alilijua kuliko gauni lake la harusi, ingawa hajawahi kulishika. Miaka mitatu nyuma alilieleza mahakamani, mstari kwa mstari, na kwa maelezo hayo Ulimboka, mtoto wa fundi wa reli, akafungwa miaka kumi na minne. Shati lenyewe halikupatikana. Walipekua mpaka ndani ya mizinga ya nyuki wakalikosa, ikasemwa mshtakiwa amelichoma.

Alilitia ndani ya beseni, akalifunika kwa kanga, akaenda kumwita Simoni shambani. Waliporudi, ndani ya beseni mlikuwa na kanga tu, na maji meusi kidogo chini yake.

Simoni hakumcheka. Alisema labda ni njaa, maana mama Lea, kama alivyomwita mkewe kwa jina la binti yao, alikuwa amefua tangu asubuhi bila kutia kitu mdomoni, akaenda mwenyewe kumkorogea uji. Alikuwa mtu mpole, Simoni. Tulikumbuke hilo, kwa sababu upole wake ulikuja kumuumiza mkewe kuliko ukali wa watu wengine wote.

Habari yenyewe ilianza hivi. Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini, wana-Juhudi walijenga ghala la mbegu kabla hata hawajachimba vyoo. Ukuta wa udongo, paa la nyasi, na dirisha moja lililozibwa kwa fito zilizosimamishwa karibu karibu ili ngedere wasipenye. Mlinzi akawa mzee Mathayo, baba yake Simoni. Fundi wa mlango, kwa haraka zake, aliweka komeo upande wa nje tu. Fisi walikuwa wakisukuma milango siku zile, kwa hiyo mzee akaomba awe anafungiwa jioni na kufunguliwa alfajiri. Kazi hiyo ilimwangukia Sikuzani, pamoja na kumpelekea uji.

Sasa kwa watu wa ukoo wa Simoni, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Si chuki, ni heshima. Mwanamke hatamki jina la mkwewe, hali naye sahani moja, na wakikutana njiani yeye hukata kona hata kama kona yenyewe ni ya miiba. Akimwona uchi, hata kwa bahati mbaya, hiyo ni aibu inayoitisha kikao cha ukoo mzima. Basi kila alfajiri Sikuzani alifika mlangoni, akakohoa, akaweka bakuli chini, akainua komeo, akaondoka haraka huku amegeuza uso. Sauti ya mzee ilimfuata nyuma: "Ahsante, mwanangu." Walipendana sana wale wawili, na kwa miaka tisa tangu Sikuzani aolewe hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Halafu ghala likaungua. Ilikuwa alfajiri ya Novemba, watu wakingojea mvua, na moto ulikula mbegu za kijiji pamoja na mzee Mathayo. Sikuzani ndiye aliyekuja akipiga mayowe, uji umemmwagikia miguuni. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Paulo, alimshika mabega akamuuliza ameona nini. Akasema, "Mtu. Mwekundu. Ana mistari."

Hayo tu. Lakini Ndugu Paulo aliyapokea maneno yale kama mpishi anayepewa unga. Mwekundu, yaani wa ngozi nyekundu, kama wazee wanavyomwita mtu mweupe? Wa namna hiyo kijijini alikuwa mmoja, Ulimboka, tena ndiye aliyegoma kuhama mpaka mgambo walipomfuata, tena alishasema mbele za watu kwamba mbegu zikiwekwa pamoja zitaoza pamoja. Mistari ya nini, ya shati? Ya shati, Sikuzani akaitikia, kwa kuwa mistari mingine hakuijua. Myeusi na myeupe? Akaitikia. Alikuwa akikimbia? Akaitikia. Ilipofika saa nne asubuhi Ulimboka alikuwa amefungwa kamba, na Sikuzani alikuwa tayari anamwona kichwani mwake akikimbia.

Mahakamani hakutetereka. Hakimu alisema katika hukumu yake kwamba mtu aliyeshikwa na hofu kuu hasahau, kwamba hofu huchora picha isiyofutika, na kwamba shahidi huyu alisimulia bila kusitasita. Ulimboka alipoulizwa kuhusu shati alinyamaza kwa muda mrefu, macho chini, na kimya chake kikachukuliwa kuwa jibu. Toka siku hiyo Sikuzani akaitwa Mama Shahidi. Alisimulia kwenye mikutano, alisimulia kwa wageni, akasimulia shuleni watoto wafundishwe kulinda mali ya umma. Kila aliposimulia, Ulimboka alikimbia polepole zaidi na shati likaonekana vizuri zaidi. Jambo moja halikuwemo kamwe katika simulizi lile, nalo ni komeo. Hakuna aliyewahi kumuuliza juu ya komeo, naye alishukuru bila kujua anashukuru nini.

Siku ya pili baada ya lile shati, Sikuzani alifua nguo nne, akazitundika, akarudi jikoni kusonga ugali. Jiko lao lilikuwa la fito zisizokandikwa, na mtu aliye ndani aliona uani vipande vipande. Jua lilipanda mpaka vivuli vikaingia chini ya nyayo, saa ile ambayo watoto hukatazwa kupita njia panda kwa kuwa majini, wenyewe wa njia, wamepumzika hapo. Kuku wakanyamaza. Ndipo ikaja ile harufu, kwanza kidogo, kama sufuria ya jirani iliyosahauliwa, kisha ikajaa jikoni mpaka machozi yakamtoka, akainua macho na kumwona mtu amesimama kwenye kamba, amempa mgongo, anavaa shati lililolowa, mkono mmoja, kisha wa pili, kisha anafunga vifungo bila haraka yoyote, kama mtu ambaye amevaa nguo hiyo miaka mingi, na maji yaliyomdondoka hayakulowesha vumbi chini yake.

Kisha akageuka. Uso ulikuwepo, lakini ulikuwa haujaamua kuwa wa nani. Ukawa wa Ulimboka, ukaacha. Ukafanana na Ndugu Paulo, ukaacha. Kwa kitambo kidogo ukawa wa yule hakimu, na miwani yake. Mwiko ulimdondoka Sikuzani motoni na hakuuokota.

Simoni alimleta katekista, naye akaomba, akanyunyiza maji, akala kuku, akaondoka. Kesho yake saa saba harufu ikarudi palepale.

Katika siku hizo akaja mgeni. Alikuwa Lupakisyo, mdogo wake Ulimboka, kijana mrefu aliyekuwa akisomea ualimu, amevaa viatu vilivyong'arishwa kwa ajili ya safari hiyo tu. Aliamkia, "Shikamoo, mama Lea," akaitikiwa, akakaa kwenye kigoda kilichokuwa kifupi mno kwake. Alieleza kwamba rufaa ya kaka yake itasikilizwa mwezi ujao, kwamba kaka yake anakohoa damu huko gerezani, na kwamba wakili amesema wazi kuwa bila neno la shahidi rufaa imekufa.

Sikuzani alimwambia alichokiona alikiona.

"Sikuja kusema ulidanganya, mama," kijana alisema. "Chuoni tunafundishwa elimu ya nafsi. Siku moja tuko darasani, mtu akaingia mbio, akanyakua rejesta mezani, akatoka. Mkufunzi akatuuliza kofia yake ilikuwa ya rangi gani. Mimi nikaandika ya kijani. Wenzangu wakaandika zao. Mtu yule hakuwa na kofia."

Sikuzani alimfukuza kuku aliyekuwa karibu na viatu vya mgeni.

"Mpaka leo nikifumba macho naiona ile kofia. Sikudanganya. Niliulizwa, nikaiona."

Alikuwa mkweli kijana yule, hakuficha kwamba mkufunzi mwingine alilikataa somo hilo. Huyo alisema mchezo wa darasani si moto wenye mtu ndani, na kwamba hofu ya kweli hushika mambo ambayo utani hauyashiki. Walibishana mpaka kengele ya chakula. Mkufunzi wa kwanza akajibu kuwa hofu hushika kweli, lakini hushika kitu kimoja tu, na kilichobaki mtu hujaziwa na wenye maswali. Lupakisyo mwenyewe hakujua nani mshindi. Alichoomba ni kwamba mama Lea akae siku moja asimulie tangu mwanzo, na yeye asiulize chochote.

Sikuzani alisimama, akasema ana kuni za kutafuta. Akainama, akaokota ufagio badala ya panga, na Lupakisyo aliona, lakini heshima ilimfunga mdomo.

Siku iliyofuata alikataa kufua. Alimpeleka binti yake Lea kwa jirani, akajifungia jikoni, akakaa amekumbatia magoti, akidhani bila nguo kambani huyo mtu hatakuwa na cha kuvaa. Saa saba ikafika. Kuku wakanyamaza, harufu ikaja, moshi usio na moto ukaanza kushuka kutoka darini, na kabla hajainuka mikono miwili ikashika fito kutoka nje, mikono ya mtu mzima yenye kucha ngumu za jembe, na nyuma ya mikono shati, na juu ya shati ule uso uliokuwa bado unatafuta mwenyewe, na sauti iliyotoka humo haikuwa ya kutisha hata kidogo, ilikuwa ya adabu, ya mtu anayebisha hodi kwa watu anaowaheshimu, na hilo ndilo lililomkausha mate mdomoni.

"Mwanangu," ilisema. "Nimesimama upande gani?"

Sikuzani alivuta kanga akajifunika uso, akaugeukia ukuta. Hakupanga kufanya hivyo. Mkono ulifanya wenyewe, na ulipofanya, akatambua kwamba uliwahi kufanya hivyo hivyo, kwa kanga nyingine, harufu ikiwa hii hii. Alikaa vile ameuelekea ukuta mpaka kuku walipoanza tena kulia, kisha akatoka, akadandia lori la pamba lililokuwa likielekea Mikumi, bila kuaga.

Huko Mikumi, kando ya barabara, aliishi mganga aitwaye bibi Yunis, aliyejulikana zaidi kwa kusuka mafagio kuliko kwa uganga. Alimsikiliza Sikuzani mpaka mwisho huku akifunga ufagio kwa kamba ya mgomba. Hakuleta chetezo wala ngoma. Alisema ngoma ni za wenye pepo wa kurithi, na huyu si wa kurithi.

"Huyo aliyevaa shati, mama yake nani?" aliuliza.

"Ni Ulimboka, bibi."

"Ulimboka yuko jela. Nakuuliza huyu wa kwenye kamba."

Sikuzani alifikiri. Akasema hana mama. Akasema hayupo.

"Basi umejijibu. Ulimtengeneza mtu mzima pale mahakamani, ukamwapia kwa Biblia, ukamwacha njiani mtupu. Majini hawapiti nguo isiyo na mwenyewe. Wanavaa."

Sikuzani akauliza afanyeje. Bibi Yunis aliweka ufagio chini na kumtazama kwa mara ya kwanza, na mtazamo wake haukuwa na huruma sana. Alisema dawa ni kumvua. Aende mahali palepale, saa ileile, asimulie alichokiona kabla mtu hajamuuliza, na amsimulie yule anayemwogopa zaidi asisikie. Ndani ya shati lile kuna mtu, alisema bibi, na Sikuzani anamjua. Alimvika kwa sababu hakuweza kumtazama.

"Hakimu alisema hofu haisahau," Sikuzani alinong'ona.

"Hofu haisahau, kweli. Aibu ndiyo inayovisha."

Hakuchukua hata kuku. Alisema malipo ya kazi hiyo hayako kwake.

Njia nzima ya kurudi Sikuzani aliyapima maneno yale. Hakimu alisema kweli nusu, kwa maana wekundu na mistari vilikuwa vimebaki kichwani mwake miaka yote bila kufifia. Kijana Lupakisyo alisema kweli nusu, kwa maana shati, mbio na rangi vyote aliletewa na maswali. Lakini hakuna kati yao aliyeweza kumwambia kwa nini yeye mwenyewe aliitikia haraka vile, kwa furaha karibu, kama mtu anayetupiwa kamba mtoni. Hilo alilijua bibi wa mafagio peke yake. Na aliyemwogopa zaidi asisikie alikuwa anamngojea nyumbani, amempikia.

Kesho yake mchana walikwenda watatu mpaka kwenye magofu ya ghala: Sikuzani, Simoni, na Lupakisyo aliyeitwa kutoka alikofikia. Ulikuwa umebaki ukuta mmoja tu, ule wenye dirisha, fito zake zimeungua zikabaki visiki vyeusi. Majani yalikuwa yameota mahali pa mlango. Sikuzani aliwaomba wasiulize neno lolote mpaka amalize. Simoni alikubali kwa kichwa, amevua kofia kwa ajili ya baba yake.

Harufu ilikuja kabla hajaanza. Aliona wote wawili wameisikia, maana Lupakisyo alifunika pua na Simoni akageuka kutazama nyuma. Dirishani, ng'ambo ya visiki vya fito, alisimama yule wa shati, na safari hii uso wake ulikuwa umetulia, ukingoja.

"Nilikuja na uji," alianza, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa sijafika mlangoni. Niliona mwanga dirishani, nikafikiri baba ameamka mapema, amewasha kibatari. Kisha nikasikia mpunga unalia kama bisi. Nikatazama. Mtu alikuwa dirishani, mwekundu. Hakuwa mwekundu wa ngozi. Alikuwa mwekundu kwa sababu moto ulikuwa nyuma yake na pembeni yake, na yeyote angekuwa mwekundu pale, hata mimi."

Kifungo cha juu kilifunguka chenyewe dirishani, kile cha uzi mwekundu.

"Hakuwa anakimbia. Ametulia, ameshika fito. Mistari ilikuwa ni fito. Fito na kivuli cha fito juu ya mwili wake. Hakuwa nje, baba Lea. Alikuwa ndani."

Simoni alitoa sauti ndogo, si neno. Vifungo viliendelea kufunguka kimoja baada ya kingine, na sasa Sikuzani alikuwa akisema bila kupumua, kwa maana alijua akisimama hataweza kuanza tena, akasema kwamba mtu yule hakuwa na shati, hakuwa na nguo yoyote, nguo zilikuwa zimeungua au alikuwa amezitumia kuzimia moto, yeye hajui, alijua tu kwamba yuko uchi wa mnyama na kwamba ni baba mkwe wake, alimjua kwa sauti kwa kuwa sura yake hakuwahi kuijua, na sauti ilimwita mwanangu, ikasema mwanangu, fungua, na komeo lilikuwa hatua sita kutoka aliposimama, yeye aliliona, alilijua kila siku, na alichofanya ni kuvuta kanga akajifunika uso na kumpa mgongo, kwa heshima, kama alivyofundishwa na mama yake na mama yake Simoni.

"Nikangoja," alisema. "Nikangoja avae."

Jua lilikuwa kali mpaka likaonekana jeupe.

"Aliniita tena, nikamwambia vaa kwanza, baba. Akaniita mara ya tatu. Halafu paa likaanguka."

Dirishani shati lilishuka taratibu, tupu, likaanguka upande wa ndani wa ukuta. Lupakisyo alikimbia kulitazama. Palikuwa na majani na majivu ya zamani. Harufu ilikuwa imekatika, na huko kijijini jogoo aliwika mchana kweupe.

Simoni alikaa chini. Alikaa muda mrefu, akichora kwa kidole kwenye vumbi alama zisizo na maana. Sikuzani alingoja apigwe, afukuzwe, atukanwe ukoo wake wote, na angeshukuru kwa lolote kati ya hayo. Hatimaye mumewe akasema, "Alisema mwanangu?"

"Alisema mwanangu."

"Alikupenda sana." Akasimama, akavaa kofia, akamwambia Lupakisyo kwamba kesho watakwenda mjini Kilosa kuapa upya. Njiani alimbebea mkewe panga alilokuja nalo. Upole wake haukupungua siku ile wala baadaye, isipokuwa kwamba tangu hapo uji wake wa asubuhi alijikorogea mwenyewe.

Sikuzani aliapa. Alisema mbele ya watu wote aliyoyasema magofuni, na ukumbi uliomwita Mama Shahidi sasa ukakwepa kumtazama. Alitarajia kufungwa kwa kiapo chake cha kwanza, hata alishafunga kanga mbili na mswaki ndani ya kitambaa. Walimkaripia wakamwachia. Walisema inaonekana hakukusudia. Alirudi nyumbani na kile kifurushi, akakifungua, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri ile akalia mpaka akaishiwa.

Ulimboka aliachiwa Januari. Alishuka kwa treni Kilosa, mwembamba, ngozi yake ile nyekundu imegeuka rangi ya majivu, na baada ya siku tatu Sikuzani alikwenda kwao kuomba radhi. Alipiga magoti mlangoni, jambo ambalo mama wa watu hafanyi kwa kijana. Ulimboka alimwinua. Alimwambia yamepita, lakini alisema hivyo akitazama pembeni, kwa kuwa hayakuwa yamepita.

Sikuzani alisema, "Nilikuvika shati lako katika jambo usilolijua. Hilo ndilo linalonikaba."

"Mama Lea," Ulimboka alisema polepole, "mimi sikuwahi kuwa na shati la mistari."

"Mbona mahakamani ulinyamaza?"

"Nilikuwa najaribu kukumbuka. Wewe ulisema, mwenyekiti akasema, watu wawili wakaapa kwamba walishaniona nalo gulioni. Nikadhani labda ninalo, nimesahau." Alikohoa, akafuta mdomo. "Huko ndani nilikuwa na muda mwingi. Mwaka wa pili nikalikumbuka. Nakumbuka hata kifungo cha juu kilikatika, nikakishona kwa uzi mwekundu maana mweupe uliisha. Nakumbuka nilikaa wapi nikikishona. Sasa nitakwambia nini, mama?"

Uzi ule Sikuzani hakuwahi kuutaja kwa mtu. Si mahakamani, si kwa Simoni, si kwa bibi Yunis. Aliaga akaondoka.

Mchana ule alifua. Alitundika nguo tano, akakaa kizingitini bila kupepesa macho, na saa saba ilipopita akaanua tano. Kuku walikuwa wakiparua kama kawaida, na hewa ilinuka vumbi na sabuni tu. Akapumua. Akasema moyoni kwamba basi, imekwisha, amemvua, na sasa anaweza kumwomba baba radhi kwa haki, macho kwa macho. Akafumba macho ili amwone alivyokuwa.

Mzee alikuwa dirishani, mwekundu, ameshika fito kwa mikono miwili. Shati lilikuwa limefungwa vifungo vyote, na cha juu kilikuwa na uzi mwekundu.